SOMO LA NYWILA: KWA NINI KOMPYUTA HUKATAA UFUNGUO IMARA NA KUUPOKEA ULIO DHAIFU

Wananchi na watumishi wa umma wanaotumia kompyuta na simu za mkononi wanaombwa wausome ukurasa huu kwa makini, kwani unazungumzia jambo linalomgusa kila mmoja wao. Mshahara, akiba ya benki, fedha zilizomo ndani ya simu, kumbukumbu za ardhi, majibu ya hospitali na barua za ofisi, vyote hivyo leo vimewekwa nyuma ya mlango mmoja. Ufunguo wa mlango huo ni neno la siri, ambalo wataalamu wa lugha wamelipa jina la nywila.

Hutokea mara kwa mara kwamba mtu aliyekwisha kuelimishwa habari za usalama huketi akachagua kwa bahati nasibu maneno sita yasiyohusiana, akayaandika kwa mpangilio, akataraji kupongezwa. Badala yake kompyuta humjibu kwa maandishi mekundu kwamba nywila yake ni dhaifu, au kwamba haikubaliki kabisa. Mtu huyo huyo akiandika «Karafuu1!» huonyeshwa rangi ya kijani na kuambiwa kwamba sasa yu salama. Hapo hufuata moja kati ya mambo mawili. Ama huiacha nywila njema na kuishika mbovu, ama huchoka, akaandika neno jepesi katika karatasi na kulibandika ubavuni mwa kompyuta. Katika hali zote mbili aliyefaidika ni mwizi.

Somo hili lina makusudio matatu. Kwanza, kueleza nguvu ya nywila hupimwa vipi. Pili, kuonyesha ni wapi vikaguzi vya nywila, yaani zile programu ndogo zinazoipa nywila alama kabla ya kuipokea, vinapokosea. Tatu, kumpa msomaji njia ya kufuata pale anapokataliwa bila ya haki.

1. NGUVU YA NYWILA NI NINI?

Ifahamike kwanza kwamba mwizi wa nywila, katika hatari iliyo kubwa zaidi, haketi mbele ya kibodi akabahatisha neno moja baada ya jingine. Mifumo mingi humfungia mtu baada ya kukosea mara chache. Hatari kubwa huja pale jalada zima la nywila linapoibwa kutoka katika kompyuta kuu. Nywila zilizomo katika jalada hilo kwa kawaida zimefichwa kwa njia ya hesabu, na mwizi hulichukua akaenda nalo kwake, akawa anajaribu kwa mashine usiku na mchana bila ya kizuizi. Iwapo nywila zimefichwa kwa njia nyepesi, mtambo mmoja wenye kadi za michoro za kisasa huweza kufanya majaribio zaidi ya bilioni 100 kwa sekunde moja.

Kwa hiyo nguvu ya nywila si sura yake wala si ugumu wake machoni. Nguvu yake ni idadi ya majaribio ambayo mwizi analazimika kuyafanya kabla ya kuifikia. Idadi hiyo haitokani na nywila yenyewe, bali inatokana na namna ilivyochaguliwa. Mwanahisabati wa Kimarekani Claude Shannon alieleza katika mwaka 1948 jinsi ya kupima bahati nasibu kwa kipimo kiitwacho biti, na hadi leo kipimo hicho ndicho kinachotumika. Kila biti moja inayoongezeka huizidisha kazi ya mwizi mara mbili.

Tuchukue mfano. Kibodi ya kawaida ina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama zipatazo 94. Nywila ya nafasi 8 iliyookotwa kwa bahati nasibu tupu kutoka katika hizo 94 inaweza kuwa moja kati ya takribani milioni bilioni 6, yaani 6 ikifuatiwa na sifuri 15. Idadi hiyo ni kubwa kwa mwanadamu, lakini mtambo tulioutaja utaimaliza yote katika muda wa saa 17.

Sasa tuchukue maneno 6 yaliyookotwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha ya maneno 7,776. Idadi ya mafungu yanayowezekana ni 221 ikifuatiwa na sifuri 21. Mtambo ule ule utahitaji takribani miaka 70,000 kuyamaliza. Na hapa tumemruhusu mwizi aijue orodha yetu yote ya maneno, na ajue pia kwamba tumetumia maneno 6. Hayo yote hayamsaidii, kwa sababu siri haimo katika orodha. Siri imo katika bahati nasibu.

2. KANUNI ZA ZAMANI ZILITOKA WAPI?

Nywila katika kompyuta zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT huko Marekani, chini ya uongozi wa Fernando Corbató, ili watumiaji kadhaa waweze kushirikiana mashine moja na kila mtu akawa na majalada yake. Katika mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walitoa makala yao juu ya mfumo wa Unix. Walikusanya nywila 3,289 za watumiaji, wakakuta kwamba 2,831 kati yake, yaani asilimia 86, zilikuwa nyepesi: herufi moja, mbili au tatu tu, herufi tano au sita za aina moja, au maneno yaliyomo katika kamusi. Tangu hapo ikaonekana wazi kwamba mtu akiachiwa peke yake huchagua kilicho rahisi.

Dawa iliyobuniwa ilikuwa ni kumlazimisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa mwongozo ambao kiambatisho chake kuhusu nywila kiliandikwa na Bill Burr. Kutokana na mwongozo huo zikaenea duniani kote kanuni ambazo wengi wetu tunazijua kwa kuziteseka: weka herufi kubwa, weka tarakimu, weka alama, na badilisha nywila kila baada ya muda. Kanuni hizo zilinakiliwa na mabenki, vyuo, makampuni na serikali, mara nyingi bila ya kuulizwa sababu yake.

Matokeo yake yakawa kinyume cha matarajio. Mwanadamu akiambiwa aweke herufi kubwa, huiweka mwanzoni. Akiambiwa aweke tarakimu, huweka 1 au mwaka mwishoni. Akiambiwa aweke alama, huweka alama ya mshangao. Akiambiwa abadilishe, huifanya 1 kuwa 2. Mwizi anayajua hayo yote na ameyaingiza katika programu yake. Mwenye kiambatisho chenyewe, Bill Burr, alisema katika mwaka 2017 alipohojiwa na gazeti la Wall Street Journal kwamba anayajutia mengi aliyoyashauri.

3. MAKOSA MANNE YA VIKAGUZI

Kikaguzi cha nywila kina udhaifu mmoja wa asili, nao ni kwamba hukiona kilichoandikwa tu, wala hakioni namna kilivyochaguliwa. Ni kama mtu anayeletewa ushindi wa kura katika karatasi naye akatakiwa aseme kama kura ilipigwa kwa haki. Hawezi kujua, anakisia. Na anapokisia kwa kanuni mbaya, hufanya makosa yafuatayo.

(a) Kuhesabu aina badala ya urefu

Vikaguzi vingi hutoa alama kwa kila aina ya herufi iliyomo. Nywila ya maneno sita yenye herufi ndogo tupu hupata alama ya aina moja tu, na hivyo hushindwa, hata kama ina herufi 33. «Karafuu1!» ina aina zote nne, hivyo hushinda, ingawa ni neno moja la kawaida lililovishwa mapambo ambayo kila mwizi anayategemea.

(b) Kukataa neno lolote la kamusi

Vikaguzi vingine hutafuta kama ndani ya nywila limo neno la kamusi, na likionekana moja, huikataa nywila nzima. Kanuni hii ni sahihi kwa nywila ya neno moja. Ni kosa kwa nywila ya maneno sita, kwa sababu nguvu yake haitokani na ugeni wa maneno bali na wingi wa namna ya kuyapanga. Kila herufi ya alfabeti inajulikana na kila mtu, na hakuna anayesema kwamba nywila ni dhaifu kwa kuwa imeandikwa kwa herufi zinazojulikana.

(c) Kuweka ukomo wa urefu

Mifumo mingine huikataa nywila inayozidi nafasi 12 au 16, au hukataa nafasi wazi baina ya maneno. Baadhi ya mipaka ina sababu ya kihistoria. Mfumo wa zamani wa kuficha nywila katika Unix ulisoma nafasi 8 za mwanzo tu. Aliyeandika «jiko posta hina mkeka samaki debe» alikuwa kwa hakika anatumia «jiko pos» bila ya kujua. Njia iitwayo bcrypt, iliyotolewa mwaka 1999 na ambayo bado inatumika sana, hupokea baiti 72 na si zaidi, na kiasi hicho kinamtosha mtu wa kawaida. Lakini ukomo wa 12 au 16 katika mfumo wa leo hauna udhuru. Nywila ikishafichwa vyema huhifadhiwa kwa urefu ule ule, iwe mtumiaji aliandika herufi 8 au 60.

(d) Kuhesabu kasoro bila ya kutazama urefu

Kosa la nne ndilo lililojificha zaidi, na ndilo lenye mafunzo mengi. Ipo programu mashuhuri ya kukagua nywila iitwayo CrackLib, iliyoandikwa na Mwingereza Alec Muffett katika miaka ya 1990, na ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikitumika katika kompyuta za Unix na Linux. Programu hii ilifanya kazi njema ya kuzuia nywila kama «abcdef» na «654321». Njia yake ilikuwa ni kuhesabu hatua jirani, yaani kila mahali ambapo herufi inafuatiwa na jirani yake wa mbele au wa nyuma katika alfabeti: a na b, j na i, p na o, s na t. Hatua hizo zikizidi 4, nywila ilikataliwa na mtumiaji akaambiwa kwamba ni nyepesi mno au ina mpangilio mno.

Kwa nywila ya herufi 8, kanuni hii ni ya haki. Lakini hesabu ilikuwa 4 kwa kila nywila, fupi au ndefu. Tazama sasa nywila yetu ya mfano:

jiko posta hina mkeka samaki debe

Katika «jiko» imo hatua moja, j na i. Katika «posta» zimo mbili, p na o, kisha s na t. Katika «hina» imo moja, h na i. Katika «debe» imo moja, d na e. «Mkeka» na «samaki» hazina kitu. Jumla ni 5. Basi nywila ya maneno sita ilikataliwa kwa kosa la kufanana na «abcdef», ingawa haifanani nayo hata kidogo.

Mfano wa nyumbani utalifafanua jambo hili. Mkaguzi wa karafuu amewekewa kanuni kwamba mzigo ukionekana na makonyo zaidi ya manne urudishwe. Kwa pishi moja, kanuni inaeleweka. Lakini akiitumia kanuni hiyo hiyo kwa gunia zima, hakuna gunia litakalopita, hata liwe limechambuliwa kwa uangalifu gani. Kosa si la mkulima wala la karafuu. Kosa ni la kipimo kisichotazama ukubwa wa kinachopimwa.

Hesabu inathibitisha hivyo. Herufi zikiokotwa kwa bahati tupu kutoka katika 26, kila jozi ina nafasi 50 katika 676, yaani kama asilimia 7.4, ya kuwa hatua jirani. Katika nywila ya herufi 8, uwezekano wa kuvuka hatua 4 kwa bahati mbaya ni chini ya moja kati ya elfu 10. Katika nywila ya herufi 40, uwezekano huo hupanda hadi takribani moja kati ya sita. Kadiri mtu alivyojitahidi kurefusha nywila yake, ndivyo alivyozidi kukataliwa. Kikaguzi kiliwaadhibu walio waangalifu kuliko wengine.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kosa hilo lilisahihishwa, na sahihisho lilitoka katika visiwa. Mtaalamu wa idara ya teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Manoa, aligundua kwamba kiwango kisichobadilika kinazikataa bure nywila nyingi ndefu, akapeleka mabadiliko. Tangu hapo kiwango ni 3, kikiongezwa asilimia 9 ya urefu wa nywila, na sehemu isiyotimia huachwa. Nywila yetu ina nafasi 33 pamoja na nafasi wazi. Asilimia 9 yake ni 2.97, ukiongeza 3 unapata 5.97, yaani hatua 5 zinaruhusiwa. Yenye hatua 5 hupita. Mstari mmoja wa hesabu ulitosha kuondoa dhulma hiyo.

4. KOSA LA UPANDE WA PILI: KUUPOKEA ULIO DHAIFU

Haifai msomaji atoke hapa akidhani kwamba kila nywila ndefu ni njema, au kwamba kikaguzi kinachosifu kinasema kweli. Katika mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vikaguzi vya makampuni makubwa ya intaneti, wakaonyesha kwamba nywila moja huweza kuitwa dhaifu na kikaguzi kimoja na kuitwa imara na kingine.

Wenye kutumia Kiswahili wana sababu yao maalumu ya kujihadhari. Kikaguzi kiitwacho zxcvbn, kilichotolewa mwaka 2012 na Dan Wheeler wa kampuni ya Dropbox, ni bora kuliko vingi kwa sababu hukadiria idadi ya majaribio badala ya kuhesabu aina za herufi. Lakini kamusi zake za asili ni za Kiingereza, pamoja na majina na nywila zilizozoeleka. Neno la Kiswahili lisilokuwemo humo hulidhania kuwa ni herufi zilizookotwa ovyo, na hulipa sifa lisilostahili. Mwizi hana ujinga huo. Akimlenga Mswahili, atachukua kamusi ya Kiswahili.

Kadhalika, urefu usio na bahati nasibu ni urefu wa jina tu. Sehemu ya aya iliyohifadhiwa na kila mwanafunzi wa chuo, mstari wa kaswida, kiitikio cha taarabu au methali maarufu huwa na herufi nyingi, lakini ni mali ya watu wote. Wadukuzi wamekwisha kukusanya mafungu kutoka katika vitabu vya dini, nyimbo na hadithi, na huyajaribu mapema. Methali ni ya kumfunza mtoto, si ya kufungia sanduku.

Na hatari yenyewe si ya kufikirika. Katika Desemba 2009 kampuni ya Kimarekani ya RockYou iliibiwa nywila za akaunti zaidi ya milioni 32, zilizokuwa zimehifadhiwa wazi bila ya kufichwa. Zilipochunguzwa, «123456» peke yake ilikutwa kwa watumiaji zaidi ya 290,000. Orodha hiyo haikufutika. Hadi leo ni miongoni mwa orodha za mwanzo zinazojaribiwa na wavunjaji wa nywila. Aliyetumia nywila moja kwa akaunti ya mchezo na ya barua zake, alipoteza zote mbili.

5. VIWANGO VYA LEO VINASEMAJE?

Katika mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walilinganisha kanuni mbalimbali kwa watumiaji wengi. Walikuta kwamba kutaka nafasi 16 bila ya masharti mengine kulileta nywila zilizo ngumu zaidi kubahatishwa, na zilizo nyepesi zaidi kwa mtumiaji, kuliko kutaka nafasi 8 zenye masharti ya herufi kubwa, tarakimu na alama.

Katika mwaka 2017 taasisi ile ile ya Marekani iliyotoa mwongozo ule wa zamani iliugeuza. Ilishauri masharti ya aina za herufi yaachwe, nywila isibadilishwe ila pakiwa na dalili ya kuvuja, nafasi wazi zikubaliwe, mtumiaji aruhusiwe angalau nafasi 64, na nywila ilinganishwe na orodha ya zile zilizokwisha kuvuja. Toleo la mwaka 2025 limekwenda mbele zaidi. Limeyakataza kabisa masharti ya aina za herufi, na limetaka nafasi zisizopungua 15 pale ambapo nywila ndiyo kinga pekee.

Hivyo basi, mfumo unaomkatalia mtu nywila ndefu ya maneno kwa kuwa haina alama ya mshangao unashikilia kanuni ambayo taasisi iliyoieneza imekwisha kuiacha.

6. JINSI YA KUTENGENEZA NYWILA YA MANENO

Njia inayojulikana zaidi ilitolewa mwaka 1995 na Arnold Reinhold, naye akaiita Diceware. Hutumia dadu ya kawaida na orodha ya maneno 7,776, kwani dadu ikirushwa mara 5 hutoa matokeo 7,776. Anayependa Kiswahili anaweza kujitengenezea orodha ndogo zaidi kwa utaratibu ufuatao:

Kwanza, andika maneno 1,296 mafupi na ya kawaida, ya vyombo, vyakula, wanyama, miti na kazi. Kila neno lipe namba yenye tarakimu nne, kuanzia 1111 hadi 6666, kwa kutumia tarakimu 1 hadi 6 tu. Kazi hii inaweza kugawanywa baina ya watu wa nyumba moja au wanafunzi wa darasa moja, na orodha ikishakamilika si siri.

Pili, rusha dadu mara 4 na uandike matokeo kwa mpangilio. Namba inayopatikana inakuonyesha neno lako la kwanza.

Tatu, rudia hivyo mpaka upate maneno 7. Usilikatae neno kwa kuwa hulipendi, wala usiyapange upya yapate maana. Ukichagua wewe, umeiondoa bahati nasibu.

Nne, yaunganishe maneno kwa kisa cha kuchekesha kichwani mwako, uyakariri kwa siku chache, kisha uichane karatasi.

Maneno 7 kwa njia hii hutoa mafungu ambayo ni takribani mara milioni moja ya nywila zote zinazowezekana za nafasi 8. Mtambo wa majaribio bilioni 100 kwa sekunde utahitaji zaidi ya miaka 1,900 kuyamaliza. Wala usitumie mfano wowote uliochapishwa katika ukurasa huu. Ulichokisoma wewe, wengine pia wamekisoma.

7. UKIKATALIWA, FANYA HIVI

Kikaguzi kikitaka herufi kubwa, tarakimu na alama, usiiache nywila yako. Ikubalie mashine sharti lake kwa kuongeza, si kwa kupunguza. Fanya herufi ya kwanza kuwa kubwa, weka kistari baina ya maneno, na tarakimu moja mwishoni. Nyongeza hizo hazitakuongezea nguvu kubwa, lakini hazitakuondolea chochote, na mlango utafunguka.

Mfumo ukikataa urefu, maneno hayatakufaa hapo. Tumia programu ya kutunza nywila, ikuokotee kwa bahati nasibu herufi na alama nyingi kadiri ya ukomo uliowekwa, nayo ikukumbushe. Nywila ndefu ya maneno iweke kwa ajili ya kuifungua programu hiyo yenyewe. Aidha, popote penye kinga ya pili, kama vile namba inayotolewa na simu, iwashe.

Kila akaunti iwe na nywila yake. Nywila ya barua pepe itangulizwe katika uangalifu, maana aliyeingia katika barua zako anaweza kuomba nyingine zote zibadilishwe.

Ama wale waliokabidhiwa usimamizi wa mifumo, katika ofisi, skuli, hospitali au biashara, wao wana jukumu lililo kubwa zaidi, kwani kanuni mbaya moja huwadhoofisha watu wengi kwa pamoja. Wanasihiwa wazitazame upya kanuni zao: waondoe masharti ya aina za herufi, wapandishe kiwango cha chini cha urefu, waruhusu nafasi 64 au zaidi pamoja na nafasi wazi, walinganishe nywila na orodha za zilizovuja, wahakikishe toleo la kikaguzi chao si la zamani, na wazifiche nywila kwa njia nzito. Mtumiaji anapolalamika kwamba nywila yake ndefu imekataliwa, asipuuzwe. Huenda ndiye pekee aliyefuata mafunzo.

MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la 1. Nywila «baba jino» ina hatua jirani ngapi? Je, ingepita katika kanuni ya zamani ya CrackLib na katika mpya?

Jibu: «Baba» ina 3 na «jino» ina 2, jumla 5. Kanuni ya zamani iliruhusu 4, hivyo ingekataliwa. Kanuni mpya, kwa nafasi 9, inaruhusu 3 tu, hivyo ingekataliwa pia, na kwa haki, kwani ni fupi. Kanuni njema humlegezea aliye mrefu bila ya kumwachia aliye mfupi.

Swali la 2. Maneno 3 kutoka katika orodha ya 1,296 yanatosha kulinda jalada lililoibwa?

Jibu: Hapana. Mafungu yake ni 2,176,782,336 tu. Mtambo tulioutaja utayamaliza kabla ya sekunde moja kutimia.

Swali la 3. Kikaguzi kimeionyesha nywila yako kwa rangi ya kijani. Je, umehakikishiwa usalama?

Jibu: Hapana. Jiulize niliichagua vipi. Iwapo ilitoka katika dadu na ina maneno ya kutosha, ni imara hata kikaguzi kikinuna. Iwapo ilitoka katika jina, mwaka au methali, ni dhaifu hata kikaguzi kikicheka.

Walimu wa skuli na wakuu wa vitengo wanaombwa walisome somo hili pamoja na wanaowaongoza, na waibandike sehemu ya 6 na ya 7 mahali panapoonekana. Nywila zenyewe zisibandikwe popote.